Keskitalo na Binti

Detroit, 7 Septemba 2014

Baba,

Nimefika salama, na gari halikufa njiani ingawa najua uliliombea life. Simu sitakupigia. Tangu masikio yako yagome, kuongea nawe kwa simu ni kuutangazia mtaa mzima, na ukichoka unakata halafu unasingizia laini. Kwa hiyo nitaandika, na wewe utajibu hata kama bado umenuna.

Darasa la kemia limejaa watoto ambao ningeweza kuwazaa wote. Siku ya kwanza nilipoingia walinyamaza wakafungua madaftari, wakidhani mwalimu kafika. Nilipokwenda kukaa kiti cha nyuma wakaanza kunong'ona. Mwenzangu wa maabara anaitwa Tess Whitcomb. Ana miaka kumi na tisa, mama yake daktari, baba yake daktari, na nahisi hata paka wao ana kliniki yake. Si mtoto mbaya. Aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya hapa. Nikamwambia mimi na baba yangu tuna nyumba ya mazishi. Naosha maiti, nawavalisha, nawalaza kwenye jeneza, nawapeleka makaburini, na nimefanya hivyo miaka kumi na saba. Akasogeza kiti chake kando, halafu akaona haya akakirudisha.

Hawa njia yao imenyooka. Sekondari, chuo, mtihani mkubwa, shule ya udaktari, na njiani wamepangiwa hata lini watalia. Mimi napitia dirishani na miaka yangu thelathini na saba. Shahada yangu ya mazishi hapa haihesabiki, naanza sayansi upya kama mtoto. Sawa tu. Aliyeingia kwa dirisha naye yumo ndani.

Usinyanyue jeneza peke yako. Mgongo wako una miaka sabini na mbili hata kama mdomo wako una kumi na tano.

Mwanao,
Aune


Kivi Bay, 16 Septemba 2014

Aune,

Mimi ni mzima, ukiondoa mgongo, masikio, na binti niliyemsomesha akanikimbia.

Hapa mjini hawana habari nyingine. Jumapili kwenye kahawa baada ya ibada mzee Saarinen alisema, na alihakikisha nasikia, "Aune kachoka kuzika, sasa anataka kutibu." Kanisa zima likacheka. Mimi nikamega mkate wangu wa iliki. Lakini nimelifikiria, nami nakuambia hivi: ukiwa daktari mzuri utaninyima wateja, ukiwa mbaya utaniletea, na vyote viwili sivitaki.

Sema kweli, mwanangu. Unaionea haya kazi yetu. Babu yako alianza kwa kuchonga majeneza ya wachimba shaba waliofukiwa migodini, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mtu alijua zamu yake inakuja. Mwaka uliomaliza masomo ya mazishi nilipanda ngazi mwenyewe, kwenye baridi, nikaandika "na Binti" juu ya mlango. Rangi ile ni nzuri, haijapauka. Ukitaka niifute, uje uniambie usoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ukivunjika usidhani nitakuja huko Detroit kukubeba.

Nimemzika Bi Tyyne Maki Alhamisi. Nimemfunga skafu yake ile ya bluu. Ungemfunga vizuri zaidi.

Baba yako,
Urho Keskitalo


Detroit, 2 Februari 2015

Baba,

Masomo yanaendelea. Baridi ya huku ni ya kitoto. Kula vizuri.

Aune


Kivi Bay, 11 Februari 2015

Aune,

Tangu ulipokuwa mdogo ulikuwa ukivunja kitu unaongea maneno machache. Umevunja nini?

Baba


Detroit, 20 Februari 2015

Baba,

Nimefeli kemia. Haya, umefurahi?

Bi Hargrove, mshauri wa masomo hapa chuoni, aliniita ofisini akanifungia mlango, na mimi najua maana ya kufunga mlango polepole, hiyo ni kazi yetu. Akaongea kwa sauti ileile tunayozungumza nayo na wajane. Akasema kuna njia nyingine nyingi za kusaidia watu. Akasema walimu wa shule za udaktari wakiona alama kama yangu kwa mtu wa umri wangu hawageuzi ukurasa wa pili. Akaniuliza kama nimewahi kufikiria kurudi nyumbani.

Nikamwuliza kuna sheria inayomkataza mtu kurudia somo. Akasema hakuna. Nikamwambia basi tuonane muhula ujao.

Nimelia, sikufichi. Nimelia kwenye gari, nikapangusa uso, nikarudi maabara. Tess alikuwa ameniwekea kiti. Yule mtoto ananifundisha jioni na hataki chochote, ila anataka nimsimulie maiti wetu wanavyokuwa, maana anaogopa siku atakayokabidhiwa wa kwanza. Nimemwambia cha kwanza unamwita kwa jina lake. Cha pili unamfunika pale usipofanyia kazi. Mengine ni kemia, na hiyo kemia ndiyo imenishinda mimi.

Kwa hiyo guu limevunjika, baba. Nalifunga mwenyewe, naendelea kutembea.

Aune


Kivi Bay, 1 Machi 2015

Mwanangu,

Sikufurahi. Nilidhani nitafurahi.

Mama yako naye alifeli mtihani wa udereva mara tatu, na mara ya nne alimwambia yule mkaguzi ashuke garini kama anaogopa. Wewe ni wa mama yako, hilo nilijua siku tulipomvalisha pamoja kwa mazishi yake, una miaka kumi na tisa, ukamfunga vifungo vyote bila kukosea hata kimoja. Mimi nilikosea viwili.

Rudia hiyo kemia uimalize. Kisha tutagombana vizuri, tukiwa sawa.

Baba


Detroit, 12 Juni 2016

Baba,

Kemia nilishaipiga mwereka, na mtihani mkubwa nimeumaliza, siku nzima kwenye kiti mpaka nikasahau jina langu. Nimefaulu. Si kwa alama za Tess, lakini zinatosha kubisha hodi, nami naandaa maombi ya shule nyingi kadiri ninavyoweza.

Kitu kinachonikera sasa ni insha. Hawa watu wana desturi yao: kila mwombaji anaandika kwa nini anataka udaktari, na lazima aoneshe jeraha. Bibi aliyekufa, ndugu aliyeugua. Wanafunzi wanakaa maktaba wakihesabu misiba yao, na asiye nayo anaomboleza kwamba hana. Bi Hargrove ameisoma yangu akaguna. Anasema niiondoe kabisa habari ya nyumba ya mazishi, maiti wanawatisha wasomaji, na badala yake niandike kifo cha mama, nikieleza machozi. Eti ndicho walichozoea.

Mama si tiketi ya basi. Hilo nimemwambia. Kuhusu kuiondoa nyumba yetu, nimekaa na shauri hilo wiki nzima. Insha naituma kesho.

Usiku mwema.
Aune


Kivi Bay, 24 Juni 2016

Aune,

Fanya unavyoona. Samaki ni wengi mwaka huu.

U. Keskitalo


Detroit, 15 Januari 2017

Baba,

Umekuwa bubu tangu Juni, sijui nimekukosea nini. Nakuletea habari, ununue au usinunue.

Shule zote zimenikataa isipokuwa moja. Moja tu imeniita kwenye usaili, nami nimekwenda wiki iliyopita. Ni hiyo yenye kijitabu kinachosema wanatafuta madaktari watakaokwenda kuishi kwenye miji ya mbali kama wetu. Wasailiwa wote walivaa suti nyeusi, wamekaa kimya kwenye viti vilivyopangwa, mikono mapajani. Kwa mara ya kwanza katika safari hii nilijiona niko nyumbani. Nusura niwape pole.

Waliniuliza mengi na nilijibu vizuri, nadhani. Majibu yatatoka majira ya kuchipua. Nina miaka thelathini na tisa na mlango mmoja tu uliobaki wazi. Niombee, kama bado unaniombea.

Aune


Kivi Bay, 30 Januari 2017

Mwanangu,

Naomba asubuhi na jioni, na siku ya kuoga mvuke wa sauna naomba mara mbili.

Anwani ya shule nilimwuliza postamasta akanitafutia. Nimewatumia kitu kidogo, samaki weupe wa ziwani niliowakausha kwa moshi mwenyewe, wale wakubwa. Mkono mtupu haulambwi. Mtu huwezi kuomba kiti kwenye nyumba ya watu hukupeleka hata kipande cha chakula, watasema Keskitalo hakumfunza binti yake adabu.

Baba


Detroit, 9 Februari 2017

Baba,

Kaa chini kabla hujasoma.

Nimeitwa na ofisi ya udahili. Sanduku lako lilifika bila jina langu, linanuka moshi na samaki, likafunguliwa na mlinzi aliyevaa glavu. Ndani walikuta samaki wamekodoa macho, na juu yao kadi yetu ya biashara: "Nyumba ya Mazishi ya Keskitalo na Binti. Siku yenu ikifika, tutawahudumia kwa heshima." Nyuma ya kadi umeandika kwa mkono wako: "Mtazameni binti yangu vizuri. Sasa anwani yenu ninayo, nitawakumbuka kila msimu."

Baba. Walidhani unatishia kuwaua.

Ghorofa nzima ilifungwa tangu asubuhi hadi mchana. Maombi yangu yamesimamishwa. Nimewaeleza ni samaki wa kuliwa, kadi ni kadi, wewe ni wewe. Mwanamke wa ofisini alikuwa mpole sana. Kanipa karatasi iliyokwisha kuchapwa akasema nikitia saini mambo yanaishia hapo hapo, hakuna atakayeyataja tena. Karatasi inasema mzazi wangu ni mzee ambaye akili yake imedhoofika, na kwamba mimi najitenga na kitendo chake. Nina mpaka mwisho wa mwezi.

Nimekukasirikia sana. Nani alikuomba? Na kwa nini kadi, baba? Samaki peke yao wangetosha kuniangamiza.

Aune


Kivi Bay, 16 Februari 2017

Mwanangu,

Tia saini.

Andika mzee kachanganyikiwa. Andika namwita paka kwa jina la marehemu mama yako. Mimi sina cheo cha kupoteza hapa Kivi Bay. Nimezika mahakimu na nimezika walevi, wote wanatoka mlango uleule, miguu mbele. Saini yako juu ya karatasi haitanipunguzia hata unywele, na zilizobaki ni chache.

Umeuliza kwa nini kadi. Uliandika kwamba mshauri wako kakuambia uifute nyumba yetu kwenye insha, na umekaa nalo, na unaituma kesho. Hukusema umeamua nini. Nikajua umeifuta. Mtu akishaamua kukaidi hutamba, na wewe hukutamba. Niliumia, sikujua niseme nini, ndiyo maana nikanyamaza. Halafu nikasema acha angalau wajue ametoka mlango gani, hata kama yeye kaufunga. Nikaweka kadi. Sasa nimekuharibia kwa kiburi changu mwenyewe.

Tia saini, Aune. Nakuomba, na mimi huwa siombi.

Baba


Detroit, 24 Februari 2017

Kwa Kamati ya Udahili,

Narudisha karatasi yenu. Sikuitia saini.

Baba yangu ana akili zake zote, na nyingine za akiba. Kwetu mtu haendi kuomba jambo nyumbani kwa watu mikono mitupu. Mtu akifariki, majirani wanafika na chakula kabla sisi hatujafika na jeneza. Kama sheria yenu inakataza zawadi, basi sheria imevunjwa, na kwa hilo naomba radhi. Kwa samaki siombi radhi. Ni wazuri.

Maneno ya kwenye kadi yalimtisha mlinzi wenu, nami nampa pole. Ni maneno tunayomwambia kila mtu, na kila aliyetufikia tumeyatimiza kwake. Maneno ya nyuma ni ya baba aliyetaka mmtazame binti yake vizuri. Nami nataka hivyo hivyo.

Kijitabu chenu kinasema mnatafuta madaktari watakaokaa na watu wa miji ya mbali. Watu wenyewe ndio hawa. Watamletea daktari samaki, viazi, soksi za kufuma, na watasema mambo kwa namna yao. Daktari atakayewaandika wamechanganyikiwa kwa sababu tu hakuwaelewa, hatawafaa kitu.

Mkisema siwezi kuingia kwenu mpaka nimwandike baba yangu punguani, basi kiti hicho mpeni mwingine. Mimi nitaomba tena mwakani, na mwaka unaofuata. Nilichelewa kuanza, kwa hiyo nimeshazoea kusubiri.

Aune Keskitalo


Detroit, 11 Aprili 2017

Baba,

Sikutia saini. Najua uliniomba. Najua huwa huombi. Sikutia, na kama ulishachana barua hii kwa hasira, okota vipande uendelee.

Waliniita tena, safari hii mbele ya kamati nzima. Mwenyekiti wao ni Daktari Okerlund, mama mwenye nywele nyeupe na sauti kavu. Alikuwa na karatasi ile mbele yake, akaisukuma juu ya meza mpaka ikanifikia, na kalamu juu yake.

"Ukitia saini sasa hivi, kiti ni chako," akasema. "Utatia?"

"Hapana."

"Baba yako hataiona kamwe. Kwa nini hutaki?"

"Kwa sababu mwakani mtanipa mgonjwa mzee asiyesikia vizuri," nikamwambia, "na siku hiyo nitakuwa nimechoka, na itakuwa rahisi sana kuandika kwamba amechanganyikiwa."

Daktari Okerlund akaichukua karatasi akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Kisha akafungua insha yangu akasoma mwanzo wake kwa sauti, nami nakunakilia hapa, kwa sababu wewe ndiye uliyepaswa kuusoma kabla yao:

"Miaka kumi na saba mimi na baba yangu ndio tumekuwa watu wa kwanza kuwatazama vizuri watu wa mji wetu, na kila mara tulikuwa tumechelewa. Impi Lahti, aliyetupikia shuleni, nilimkuta na uvimbe kifuani aliokuwa ameufunga kwa kitambaa cha jikoni. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Daktari wa karibu alikuwa mwendo wa saa mbili kwenye theluji, na Impi hakutaka kumsumbua mtu. Baba yangu alikifua kile kitambaa, akakipiga pasi tena, akamrudishia. Nataka kuwafikia watu kama Impi mapema."

Nyumba yetu ipo mstari wa kwanza, baba. Sikufunga mlango wowote. Nilikuwa nimekaidi, ila nilisahau kutamba.

Barua yao imefika leo asubuhi. Wamenipa kiti. Naanza Agosti. Nimeisoma nimesimama jikoni na soksi mguu mmoja, nikapiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta.

Tess naye amepata, shule nyingine. Alipopata yake alisema asante, alipoiona yangu alilia.

Nilipokuwa natoka siku ile ya kamati, mlinzi wa mlangoni alinisimamisha. Kijana mkubwa, mabega kama mlango wa ghala. Akatazama huku na huku, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee ana samaki wengine. Aliambiwa awatupe. Hakuwatupa.

Sasa kuhusu maandishi ya juu ya mlango. Ukitaka kufuta "na Binti", nitaelewa. Nitakaa huku miaka mingi, na nikirudi sitarudi kuzika. Siku ile ulisema nije nikuambie usoni. Nakuja Juni. Niambie tu ni rangi gani nilete.

Mwanao,
Aune


Kivi Bay, 19 Aprili 2017

Mwanangu daktari,

Najua bado. Niache nikuite mapema, nina umri wa kuwahi mambo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama, mara ya tatu kanisani kwenye kahawa, kwa sauti yangu ambayo unasema inatangazia mtaa. Nilipofika kwa Impi, mzee Saarinen akavua kofia. Mjane mmoja wa pale kanisani kaniambia mguu wake umevimba tangu Krismasi na hajamwambia mtu. Nikamwambia anisubiri nje, nikawasha gari la maiti, maana ndilo lililokuwa karibu, nikampeleka mwenyewe hospitali, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Alikaa mbele. Wanasema ameponea chupuchupu. Tumeanza kupoteza wateja na hata shule hujaingia.

Yule mlinzi nimemtumia samaki. Bila kadi.

Rangi usilete. Jumamosi nilipanda ngazi. Usinigombeze, Saarinen aliishika chini. Sikufuta chochote, nilipaka upya, herufi zote, ile "na Binti" nimeipaka mara mbili. Wapita njia wanasimama wananiuliza, Urho, mbona unapaka jina la mtu asiyekuwepo, huyo binti yuko wapi?

Nawaambia ametangulia, amekwenda kuwachelewesha kufika kwangu.

Baba yako,
Urho Keskitalo